Umbali na Jina: Kuhusu Kuhakiki Picha za Wanyama na Mazingira Zipigwazo na Watu wa Fizi na Baraka

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea maandishi. Tunao msamiati wa kuhakiki ushairi, riwaya na tamthilia. Tunajua kutenganisha fani na maudhui na kuviunganisha tena. Tunabishana juu ya wahusika, mandhari na msimamo wa mwandishi. Hata hivyo, kazi ambayo watu wengi zaidi wa Afrika Mashariki na Kongo ya mashariki huizalisha siku hizi kwa mikono yao wenyewe, yaani picha, aghalabu huachwa bila mhakiki.

Katika mji wa Baraka, kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, na katika vijiji vya milimani vya wilaya ya Fizi, simu yenye kamera imo mikononi mwa mvuvi, mwalimu, muuza duka na mwanafunzi. Picha ya samaki mkubwa aliyevuliwa alfajiri huenda ikawa imefika Uvira na Kigoma kabla samaki mwenyewe hajafika sokoni. Kila inapofika hupokewa kwa maneno: “safi sana”, “kali”, “hatari”. Maneno haya ni sifa. Sifa isiyotaja sababu haimfundishi aliyepiga picha wala haimsaidii mtazamaji, na kwa hiyo haijawa uhakiki.

Makala haya yanashughulikia picha za aina moja tu: picha za wanyama, ndege, samaki, misitu na ziwa zinazopigwa na wapiga picha wa ridhaa, yaani wasiolipwa kwa kazi hiyo. Hoja yetu ni kwamba picha ya namna hii haitoshi kupimwa kwa uzuri wake. Ipimwe kwanza kwa mizani mbili: umbali uliokuwapo baina ya mpiga picha na kiumbe, na jina ambalo picha inampa kiumbe huyo. Mwanga, rangi na mpangilio vifuate baadaye.

Jambo hili lina uzito wa pekee Fizi. Kwa miaka mingi wilaya hiyo imejulikana nje kwa picha za vita. Mwaka 1965, kuanzia Aprili hadi Novemba, Che Guevara alipigana huko akitokea Kigoma, akiitwa kwa jina la Kiswahili, Tatu. Na vita vilivyoanza mwaka 1996 vimeongeza picha za wakimbizi na za watu wenye silaha. Wakati huohuo misitu ya Fizi na ya jirani zake imekuwa ikipimwa, ikichorewa mipaka na kutangazwa kuwa hifadhi. Katika mashauri ya aina hiyo picha huwa shahidi, na ni muhimu kujua ushahidi wa nani unasikilizwa.

2.0 Bunduki, Wavu na Kamera

Ili kuielewa picha ya mnyama wa Fizi, hatuna budi kukumbuka namna wanyama hao walivyojulikana kwanza katika vitabu vya nje. Walijulikana wakiwa wamekufa. Mwaka 1914 Mjerumani Paul Matschie alitoa jina la kisayansi kwa gorila wa nyanda za mashariki, Gorilla beringei graueri kama aitwavyo sasa. Kielelezo kilichotumiwa kilitoka milimani kaskazini-magharibi ya Boko, upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Wabembe. Jina lenyewe linamkumbuka Rudolf Grauer, Mwaustria aliyekusanya vielelezo hivyo. Mnyama wa Ubembe akaingia katika elimu ya dunia kwa jina la mtu aliyempeleka Ulaya akiwa ngozi na mifupa.

Baada ya bunduki ulikuja wakati wa mkusanyaji wa ridhaa. Alexandre Prigogine hakulipwa mshahara kwa kutafuta ndege. Alikuwa mtaalamu wa migodi huko Kamituga, na ndege walikuwa mapenzi yake. Mapenzi hayo yalizaa matunda makubwa. Bundi mdogo wa msitu wa Itombwe aliyepatikana mwaka 1951 alipewa jina lake mwaka uliofuata, na ndege wa usiku wa jamii ya kirukanjia aliyepatikana Itombwe mwaka 1955, akiwa kielelezo kimoja tu, alipewa jina lake mwaka 1990. Yeye mwenyewe alimwelezea ndege mdogo wa Mlima Kabobo, ambaye kwa sayansi hajulikani kwingine. Historia hii inatuonya tusilidharau neno “ridhaa”. Asiyelipwa anaweza kuona ambacho mwenye mshahara hakukiona.

Kisha ikaja kamera. Mwaka 1996, miaka 45 baada ya kielelezo cha kwanza, watafiti walimnasa kwa wavu bundi wa aina ileile katika msitu wa Itombwe. Walimpima, wakampiga picha, wakamwachia. Hapa pana mabadiliko makubwa kuliko yanavyoonekana. Mwaka 1951 ushahidi kwamba bundi yupo ulimtaka bundi afe. Mwaka 1996 ulimtaka akae kifungoni kwa muda mfupi, na picha ikabaki badala ya mwili. Vivyo hivyo, mwaka 2007 watafiti walipoingia katika msitu wa Misotshi-Kabogo, kusini ya Fizi, sehemu ambayo wanasayansi hawakuwa wameifikia tangu mwaka 1960 kwa sababu ya machafuko, walitangaza spishi sita walizoziona kuwa ni mpya: popo mmoja, panya mmoja, virukanjia wawili wa jamii ya panya-pua, na vyura wawili. Picha za viumbe hao zilienea haraka kuliko taarifa zao.

Wapo wahakiki wa nchi za nje wanaosema kwamba kamera ni bunduki iliyobadili sura, na Waingereza hutumia neno moja kwa risasi na kwa picha. Msomaji wa Kiswahili anaweza kushawishika kuongeza kwamba sisi nasi husema “kupiga” kwa vyote viwili. Tusiharakishe. Katika Kiswahili hupigwa pia pasi, simu, mbiu, hodi na magoti, wala hakuna anayeumia. Kitenzi hiki hakitoshi kuwa ushahidi wa ukatili. Tukitaka kujua kama picha fulani ina ukatili, tuichunguze picha yenyewe na jinsi ilivyopatikana. Huko ndiko kunakotupeleka kwenye mizani ya kwanza.

3.0 Umbali

Umbali tunaouzungumzia ni wa namna mbili. Wa kwanza hupimwa kwa hatua: mpiga picha alisimama wapi, na mnyama alikuwa wapi. Wa pili ni wa uhusiano: je, mnyama alikuwa huru kuondoka? Picha nyingi zinazosifiwa kwa ukaribu wake hazijaulizwa swali hili la pili.

Tuchukue mfano wa picha iliyosambaa kuliko pengine picha nyingine yoyote ya mtu wa ridhaa kutoka Kongo ya mashariki. Haikupigwa Fizi, ilipigwa Aprili 2019 katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga, Kivu ya Kaskazini, na mlinzi Mathieu Shamavu. Tunaichagua kwa sababu wasomaji wengi wameiona. Mlinzi yuko mbele akijipiga picha kwa simu. Nyuma yake gorila wawili, Ndakasi na Ndeze, wamesimama wima kama jamaa walioitwa kupiga picha ya arusi. Kwa fani, picha hii ina nguvu. Nyuso tatu zimejipanga kwa kina, jicho la mtazamaji linasafiri kutoka kwa mtu hadi kwa wanyama, na mkao wao unachekesha. Kwa maudhui, mtazamaji asiyepewa maelezo huondoka na fikra kwamba gorila ni rafiki wa kusimama naye bega kwa bega.

Fikra hiyo ni ya hatari. Kwa miaka mingi wageni wanaowatembelea gorila wa porini wametakiwa kukaa umbali usiopungua mita 7, kwa kuwa maradhi ya binadamu huwaambukiza. Lakini gorila wawili hawa hawakuwa wa porini. Walikuwa mayatima waliolelewa katika kituo cha Senkwekwe. Mwaka 2007 Ndakasi alikutwa akiwa na umri wa miezi miwili, ameng'ang'ania mwili wa mama yake aliyeuawa. Na Ndeze alitoka katika familia ya gorila iliyoshambuliwa mwaka huohuo. Hifadhi yenyewe iliona haja ya kueleza kwamba hali hiyo ni ya pekee na kwamba haifai kumkaribia gorila porini.

Kuna picha nyingine ambayo ingefaa kuwekwa kando ya hiyo. Ilipigwa Julai 2007 na mpiga picha wa kazi, Brent Stirton, nayo inaonyesha mwili wa gorila dume Senkwekwe ukibebwa na wanakijiji juu ya miti iliyofungwa pamoja. Mtazamaji akiziona zote mbili, kicheko cha ile ya 2019 hubadilika. Gorila wanaosimama nyuma ya mlinzi wanakuwa manusura, na ukaribu wao na mtu unakuwa alama ya msiba uliowafikisha hapo. Mwaka 2021 Ndakasi alikufa mikononi mwa mlezi wake, André Bauma, na picha ya kifo hicho nayo ikazunguka dunia. Ukaribu huo ni wa kweli na una upendo ndani yake, lakini hautafsiriki vizuri bila historia yake.

Sasa turudi kwenye ziwa. Ng'ambo ya Fizi, upande wa Tanzania, iko Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Mwaka 1961 mdogo wake, Judy, ambaye hakuwa mpiga picha wa kazi, alikwenda kumpigia picha. Sokwe walikuwa bado wanawaogopa watu, na mvua hazikusaidia. Akapata picha chache za wanyama wenyewe. Mwaka 1962 akaja Hugo van Lawick, mpiga picha hodari, na picha zake zikaitangaza Gombe ulimwenguni. Wakati huo sokwe walikuwa wameanza kuvutwa kambini kwa ndizi. Ndizi zilileta ukaribu na mwanga mzuri. Zilileta pia msongamano na ugomvi, na baadaye wapo watafiti waliodai kwamba zilibadili mwenendo wa sokwe. Mwishowe ugawaji wa ndizi ulikomeshwa.

Mhakiki akiziweka kazi hizo mbili mezani, kwa fani hatasita: za van Lawick ni bora. Lakini picha chache za Judy zinasema kweli moja ambayo zile bora haziwezi kuisema, kwamba sokwe wa Gombe wa mwaka 1961 hakutaka kuonwa. Hafifu ya picha ilikuwa sehemu ya habari.

Kanuni hii inatupa namna ya kuzisoma picha za Fizi. Picha ya ndege aliye mbali mno, mdogo kama punje juu ya tawi, aghalabu hutupwa na mpigaji wake kwa aibu. Mhakiki amwambie asiitupe. Kwa upande mwingine, picha ya mtoto wa sokwe aliyebebwa kama mtoto mchanga, akitazama kamera kwa macho makubwa, hupata sifa nyingi. Mhakiki aulize: mama yake yuko wapi? Mtoto wa sokwe hamwachi mama yake kwa hiari, na mama hamtoi mtoto akiwa hai. Kituo cha Lwiro, katika Kivu ya Kusini, ambacho tangu mwaka 2002 kinawapokea sokwe na nyani walionyang'anywa wafanyabiashara, ni jibu la kusikitisha la swali hilo. Picha ya namna hiyo ikisifiwa bila kuulizwa, sifa hiyo huwa tangazo la biashara.

4.0 Jina

Mizani ya pili ni jina. Katika fasihi, jina la mhusika ni sehemu ya kazi. Katika picha ya mnyama, maelezo mafupi yaliyo chini yake yana kazi hiyohiyo, na kuyaacha ni sawa na kuchapa tamthilia bila majina ya wasemaji.

Ukanda huu una mfano wa kale wa madhara ya jina lisilo wazi. David Livingstone, akiwa Manyema, magharibi ya Fizi, mwaka 1870, aliandika katika shajara yake habari za mnyama aliyemwita “soko”, na kitabu kilichochapishwa mwaka 1874 kikaongeza michoro. Neno hilo ni la hapa hapa. Msomaji wa Kiswahili analitambua upesi kuwa jamaa wa “sokwe”. Lakini huko Uingereza walibishana kama ni gorila au ni mnyama mpya kabisa. Mchoro ulikuwapo, hadithi ilikuwapo, na bado kiumbe hakujulikana, kwa sababu jina la wenyeji lilichukuliwa kama kioja, bila kuwauliza wenyeji wanatofautishaje wanyama wao.

Siku hizi upungufu umegeuka upande. Anayepiga picha ni mwenyeji ambaye anayajua majina, lakini hayaandiki. Huweka picha ya samaki na kuandika “samaki”. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya spishi 200 za samaki wa jamii ya sato na perege peke yao, wengi wao hawapatikani popote pengine. Kuandika “samaki” chini ya picha iliyopigwa Baraka ni kumwita mtu “mtu”. Hata samaki wa kila siku wana majina yanayotofautiana kutoka ufuo hadi ufuo. Yule aitwaye mgebuka Kigoma ni mukeke upande wa Uvira na Baraka. Dagaa wa Kigoma ni ndagala wa Kongo. Maelezo yanayotaja jina la mahali, na pale inapowezekana jina la Kibembe pia, yanahifadhi elimu ambayo kamera peke yake haiwezi kuihifadhi.

Inafaa kuangalia wanavyofanya watu wa ridhaa wa kwingine. Wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani, ambao wengi wao hawajaliona Ziwa Tanganyika, huweka chini ya picha ya samaki wao jina la spishi pamoja na jina la sehemu ya ufuo alikovuliwa, maana rangi za samaki wa spishi moja hubadilika kutoka mwamba mmoja hadi mwingine. Ni jambo la kuwatia wivu wasomi wetu kwamba jina la kijiji cha ziwani huhifadhiwa kwa uangalifu zaidi kwenye tangi la kioo la ng'ambo kuliko kwenye simu ya mzaliwa wa kijiji hicho.

Jina lina nguvu nyingine ambayo mhakiki wa Kiswahili anapaswa kuijua. Picha ya bundi ikienezwa kwa jina la “bundi” tu, haiingii katika macho yasiyo na historia. Katika jamii nyingi za kwetu bundi ni ndege wa nuksi. Akilia juu ya paa, mtu hutarajia msiba, na wapo wanaomrushia mawe. Picha tupu huwa inathibitisha hofu hiyo. Lakini maelezo yakisema kwamba huyu ni bundi wa Itombwe, kwamba sayansi ilimjua kwa kielelezo kimoja cha mwaka 1951 na mwingine aliyenaswa na kuachiwa mwaka 1996, mtazamaji anapewa sababu ya kumtazama upya. Hatudai kwamba mistari miwili itafuta imani ya vizazi. Tunachosema ni kwamba bila mistari hiyo imani haina wa kushindana naye.

5.0 Mtu Ndani ya Picha

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba picha ya mazingira ni ya mnyama peke yake. Vyama vingi vya wapiga picha wa ridhaa duniani hushikilia hivyo. Shirikisho la FIAP, lililoundwa mwaka 1950, pamoja na vyama vya Marekani na Uingereza, wamekubaliana juu ya fasili ya picha ya maumbile kwa ajili ya mashindano yao: alama za binadamu zisionekane, isipokuwa pale ambapo ni sehemu ya lazima ya habari yenyewe, kama ilivyo kwa ndege waliozoea kukaa katika majengo. Fasili hiyohiyo, kwa sifa yake, inasema kwamba habari inayosimuliwa na picha ina uzito kuliko uzuri wake.

Sehemu ya pili ya fasili tunaikubali bila shaka. Sehemu ya kwanza ina taabu. Usiku wa kiza, mbele ya Baraka, taa za wavuvi wa ndagala hutapakaa juu ya maji kama mji wa pili. Samaki hupanda kufuata mwanga, na wavu huwangojea. Je, hii ni picha ya maumbile au ya kazi? Aliyezaliwa ufuoni hawezi kuvitenga vitu hivyo viwili. Kumwambia aondoe mitumbwi ndipo picha yake iwe ya maumbile ni kumtaka aseme uongo juu ya ziwa lake.

Suala hili lina matokeo nje ya sanaa. Mwaka 2006 Itombwe ilitangazwa kuwa hifadhi kwa amri ya waziri, bila ridhaa ya jamii zinazoishi humo na bila mipaka iliyopimwa. Zilifuata takriban miaka kumi ya majadiliano na uchoraji wa ramani pamoja na wanakijiji, hadi mwaka 2016 mipaka ilipowekwa kwa amri ya mkoa, ikizunguka eneo la takriban kilomita za mraba 5,700 lenye sehemu za ulinzi mkali na sehemu ambazo watu wanaendelea kuzitumia. Tofauti ya amri hizi mbili ni tofauti ya picha mbili za msitu. Ya kwanza ni ya msitu mtupu, wenye ukungu, miti na gorila. Ya pili ina njia, shamba, kaburi la babu na mzinga wa nyuki. Mpiga picha wa kigeni, hata akiwa na nia njema, huelekea kwenye ile ya kwanza kwa sababu ndiyo aliyosafiri kuitafuta. Mpiga picha wa Fizi anaweza kutupa ile ya pili, lakini mara nyingi hatupi, kwa kuwa amefundishwa na sifa za wengine kwamba msitu mzuri ni ule usio na mtu.

Tusitie chumvi upande wa pili. Mtu akiwamo pichani, haimaanishi kwamba picha ni ya haki. Ipo picha ya mwindaji aliyeweka mguu juu ya mnyama aliyemuua, mkao uliorithiwa moja kwa moja kutoka kwa wawindaji wa kikoloni. Mtu yumo, lakini uhusiano wake na mnyama umekwisha kufa pamoja na mnyama. Hata hivyo, picha hiyo nayo isitupwe kabla ya kuhojiwa. Ikiwa na jina, mwezi na mwaka, inaweza kuwa ushahidi kwamba mnyama huyo alikuwapo. Ikikosa vitu hivyo, inabaki kuwa majivuno.

6.0 Namna ya Kuhakiki

Yapo mambo manne ambayo tunapendekeza yafuatwe katika vikao vya kuonyeshana picha, viwe vya darasani au vya marafiki.

Kwanza, mpiga picha aanze kwa kueleza jinsi picha ilivyopatikana: alikuwa wapi, saa ngapi, mnyama alikuwa huru au la, na kama aliwekewa chambo. Hili si baraza la hukumu. Mhakiki wa riwaya hutaka kujua mazingira ya utunzi. Mhakiki wa picha anastahili vivyo hivyo.

Pili, wote walio kikaoni wajaribu kumtaja kiumbe kwa majina yote wanayoyajua. Mvuvi mzee ambaye hajawahi kushika kamera huenda akawa mhakiki bora kuliko wote katika hatua hii, na aalikwe kwa heshima inayomstahili.

Tatu, ndipo lije suala la fani: mwanga ulitoka upande gani, kilicho nyuma ya mnyama kinasaidia au kinavuruga, jicho la mnyama linaonekana wazi au limefifia. Maoni yatolewe pamoja na sababu. Kusema “ungengoja jua lishuke, kivuli kisingeufunika uso” ni uhakiki. Kusema “kamera yako haifai” ni matusi, tena kwa mtu ambaye hana uwezo wa kununua nyingine.

Nne, kabla picha haijaenezwa, iulizwe itamfikia nani. Simu nyingi zaweza kuhifadhi ndani ya picha yenyewe alama ya mahali ilipopigwa. Hapa mizani zetu mbili zinagongana: jina linataka mahali patajwe, na usalama wa mnyama unataka pafichwe. Hatuoni kanuni moja ya kumaliza mgongano huo. Kwa mnyama anayewindwa, kama sokwe au gorila, inatosha kutaja msitu. Mahali halisi, siku na saa viandikwe katika daftari la mpiga picha na wapewe wale tu wanaoaminika. Kwa dagaa wanaoanikwa ufuoni hakuna cha kuficha, na kila neno la ziada ni faida.

7.0 Hitimisho

Tulianza kwa kusema kwamba sifa si uhakiki. Inafaa kuongeza kwamba sifa zina matokeo. Mpiga picha wa ridhaa hana mshahara. Malipo yake ni maneno ya watazamaji, na hatua kwa hatua hupiga kile kinachosifiwa. Tukisifu ukaribu peke yake, tutaletewa watoto wa sokwe waliofungwa kamba. Tukisifu msitu mtupu, tutaletewa msitu usio na wenyewe, na siku ya kuchora mipaka picha hizo zitatumika dhidi ya waliozipiga. Tukiuliza umbali na jina, tutaletewa daftari pamoja na picha.

Idara za Kiswahili zinaweza kuchangia hapa bila gharama kubwa. Wanafunzi wanaotoka Fizi, Uvira, Kalemie na Kigoma huja darasani na mamia ya picha ndani ya simu zao. Kila mmoja apewe zoezi la kuandika maelezo ya picha kumi za kwao, kwa Kiswahili sanifu na kwa majina ya wenyeji, kisha yajadiliwe na wenzake. Kazi hiyo itafaa somo la uhakiki, somo la leksikografia, na pia watakaotaka kujua miaka hamsini ijayo ni kiumbe gani alikuwa akiishi wapi. Bundi wa Itombwe alingoja miaka 45 kati ya kielelezo chake cha kwanza na picha yake. Haifai viumbe wengine wangoje hivyo ilhali kamera zipo na wenye majina yao wangali hai.